Tarumbeta ya Sajini

Saa moja asubuhi, Jumanne ya tarehe 9 Agosti 1983, bakuli la bati lilikuwa juu ya jiwe la mpakani, tupu. Kandida alikuwa ameliweka hapo kabla jua halijatoka, kisha akarudi mpaka mlango wa jiko lake, umbali uliotakiwa na desturi, akasubiri.

Jirani yake, Mama Ursula, alikuja na kibuyu kama alivyofanya kila asubuhi tangu mazishi. Alisimama upande wake wa ua wa minyaa, akanyoosha mkono, akamimina maziwa kutoka juu ili mdomo wa kibuyu usiguse ukingo wa bakuli. Mengine yalimwagikia kwenye jiwe. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo, na hapo salamu zikaanza.

“Umeamkaje, Mama Hilaria?”

“Nimeamka salama. Watoto?”

“Wapo. Wanakula unga wa njano na kununa. Nimewaambia Marekani ng'ombe wanapewa unga huohuo na hawanuni.”

Kandida alicheka. Kicheko kilipaswa kuvuka shamba la maharage ndipo kimfikie mwenzake, kwa hiyo alikitoa kwa nguvu, kama mtu anayecheka na kiziwi.

“Chini ya jiwe kuna kipande cha sabuni,” Mama Ursula alisema. “Usimwambie mtu. Siku hizi za kusaka walanguzi ukikutwa na vipande viwili unaambiwa una ghala.”

Mume wa Kandida, Sajini Melkiori Bura, alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Kipande cha bomu alichorudi nacho kutoka Uganda kilikaa pajani mwake miaka minne, kikahama, kikakata mshipa. Alifia njiani kuelekea hospitali, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwa kuwa lori pekee la karibu halikuwa na dizeli. Kwa Wairaqw wa Singe, waliobatizwa na wasiobatizwa, kifo cha kumwaga damu kwa chuma huiacha nyumba katika metimani. Wenye nyumba hujitenga, na majirani hujitenga nao. Hawapiti njia ya wote, hawateki maji kwenye kisima cha wote, hawapeani mkono na mtu, hawampi mgeni kiti wala maji. Hakuna anayewachukia. Kuni na chakula huletwa mpaka mpakani, vikaachwa hapo. Aliyejitenga huwalinda wengine, hasa wajawazito na mifugo michanga, na wengine humshukuru kwa kumletea chakula na kutomkaribia.

Sajini alizikwa na wanaume wanne waliokubali kutakaswa baadaye, na padri aliyesoma sala fupi. Kandida alibaki peke yake katika boma. Muda wake ungekwisha mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi na moja. Wazee wangekuja na pombe na kondoo, wakamtakasa, akawa mtu wa watu tena. Mwezi huohuo binti yake wa pekee, Hilaria, aliyeolewa Bonga, angejifungua mtoto wake wa kwanza. Mambo yalikuwa yamejipanga vizuri: mvua, utakaso, kisha mjukuu. Mpaka siku hiyo mama na binti wasingeonana.

“Kuna jambo jingine,” Mama Ursula alisema. “Wanajeshi wako mjini. Kuna Kapteni anapita kwenye makaburi ya waliopigana vita. Kaburi wakiliridhia wanaleta gwaride, risasi za hewani na tarumbeta. Hapa watakuja keshokutwa.”

“Tarumbeta?”

“Ndivyo alivyosema balozi wetu, Damasi. Na amesema hivi: mbele ya Katibu wa Chama usitaje metimani. Katibu hataki kusikia mila. Damasi mwenyewe atasema linalofaa.”

Kandida alikubali kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba kwa umbali ule kichwa hakionekani vizuri. “Nimesikia,” alisema.

Melkiori hakuwa mtu wa kusimulia vita. Jambo moja alilirudia mara kwa mara, akiwa amekunywa na akiwa hajanywa. Kule Uganda alisimamia mazishi ya wenzake kando ya mto, na hawakupigiwa tarumbeta kwa sababu adui alikuwa karibu na angesikia. Walifukiwa kimyakimya, kama watu wanaoficha kitu. “Mimi mnipigie,” alikuwa akisema. “Hata ikiwa fupi.” Siku ya mazishi yake hapakuwa na mtu wa kuipiga. Habari za kifo chake zilifika kambini baada ya wiki kadhaa.

Alhamisi, jua likiwa limepanda, Landrova ya jeshi ilisimama kwenye njia ya ng'ombe. Wakashuka watu watatu. Kapteni Shaaban alikuwa mwenyeji wa Tabora, mrefu, kombati yake imepigwa pasi ikasimama. Ndugu Pantaleo, Katibu wa Chama, alikuwa mtu wa Rombo aliyehamishiwa Babati mwaka huohuo. Wa tatu alikuwa Damasi, balozi wa nyumba kumi na kaka wa marehemu kwa ukoo. Miongoni mwa wazee, Damasi ndiye pia aliyesimamia mambo ya metimani: nani ameingia, nani atoke lini. Yeye alibaki karibu na gari.

Kapteni aliingia uani moja kwa moja, mkono mbele. “Pole sana, mama.”

Kandida akarudi nyuma. Kapteni akasogea. Kandida akarudi tena mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko.

“Ahsante, afande. Simama hapohapo. Usinikaribie.”

Mkono wa Kapteni ulibaki hewani kidogo, kisha akautumia kurekebisha kofia. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa vumbi la njiani. Kandida aliiona. Mtungi ulikuwa umejaa, nyuma yake, ndani ya jiko.

“Maji yapo,” alisema. “Lakini siwezi kukupa.”

“Huwezi?”

“Siwezi.”

“Basi hatuna kiu,” alisema Katibu Pantaleo.

Walikwenda kaburini wenyewe, Kandida akifuata kwa mbali. Ujia wa kwenda huko ulikuwa mwembamba, umekanyagwa na mtu mmoja. Majani yalikuwa yamefunga njia kubwa ya kuingilia bomani. Hapakuwa na benchi lililoachwa na waombolezaji, wala majivu ya moto wa matanga, wala sufuria ya kuazima iliyosubiri mwenyewe. Kapteni alitazama vitu hivyo visivyokuwepo kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, kama mtu anayekagua ghala.

“Balozi,” aliita. “Majirani wako wapi?”

“Nguvukazi, afande,” Damasi alijibu kutoka garini. “Watu wako mashambani.”

“Mwezi mzima?”

“Ni wakati wa kuvuna.”

“Alizikwa na watu wangapi?”

Kandida ndiye aliyejibu. “Wanne. Na padri.”

“Sajini aliyefika Kampala,” Kapteni alisema, “amezikwa na watu wanne.” Alimgeukia Kandida. “Aliishi vizuri na wenzake?”

Kandida alimtazama Damasi. Damasi alikuwa akikagua tairi la gari.

“Aliishi vizuri,” Kandida alisema.

“Na hakuna hata mmoja wa kuja kusema hivyo.” Hilo Kapteni alimwambia Katibu, bila kupunguza sauti. Walirudi garini. Landrova ilipogeuka, Kandida alimwona Katibu akicheka jambo, na Damasi, kwenye kiti cha nyuma, akicheka baada yake.

Jumapili Mama Ursula alikuja mpakani akiwa bado amevaa nguo za kanisani. Alimimina maziwa, akarudi nyuma.

“Niseme?”

“Sema.”

“Gwaride litakwenda Bonga kwa Koplo Herieli, na Bagara kwa yule dereva. Hapa halitakuja.”

“Kwa nini?”

“Kapteni amesema askari ambaye majirani zake hawakanyagi kwake ana jambo. Halafu na wewe ulimfukuza, ukamnyima maji. Na sokoni wameongeza yao. Wanasema labda alitoroka kikosini. Wanasema jeraha lilikuwa nyuma ya paja, na mtu hupigwa nyuma akiwa anakimbia.”

Kandida alikuwa amelisafisha jeraha lile kwa miaka minne. Alijua lilikuwa nyuma.

“Nani ameanza kusema?”

“Sokoni nani huanza? Wote wanamalizia.” Mama Ursula alifuta uso kwa ncha ya kanga. “Mimi ningewaambia. Mume wangu amenikataza. Anasema tukifungua midomo Katibu atatuletea mkutano wa mila potofu mpaka tuote mvi.”

“Mwite Damasi.”

Damasi alikuja jioni. Alisimama mahali palepale aliposimama Mama Ursula, kofia mkononi.

“Shemeji,” Kandida alisema, “ulimwambia Kapteni watu wako nguvukazi.”

“Ungetaka nimwambie nini? Katibu amesimama pale na kalamu. Mwaka jana kuna mzee alitozwa ng'ombe kwa kumzuia bwana shamba asipite kwenye boma lenye metimani. Ng'ombe mzima! Na mimi ni balozi wao.”

“Na mimi ni mjane wa mtu anayeitwa mtoro.”

“Maneno ya sokoni yatapoa.”

“Nenda ukamwambie Kapteni ukweli. Mwite pembeni, Katibu asiwepo.”

“Wanalala nyumba moja, wanakula sahani moja. Pembeni ipi?” Damasi aliipindapinda kofia. “Siwezi, Mama Hilaria. Ukinilaumu, nilaumu.”

“Sina nguvu ya kukulaumu. Nitakwenda mwenyewe.”

Damasi aliacha kupinda kofia. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mzee wa ukoo, wala hakutafuta maneno.

“Ukipita njia ya wote ukasimama mbele ya watu, muda wako unaanza upya siku hiyo, na aliyeuvunja hukaa karibu mwaka mzima. Si mimi ninayesema, unajua mwenyewe. Mvua hizi hazitakutoa. Utakaa mpaka mavuno ya mwakani. Hilaria anajifungua mwezi wa kumi na moja.”

“Najua anajifungua lini. Nilimzaa mimi.”

“Basi jua na hili: mjukuu utamwona akitambaa.”

Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kandida hakulala upesi, lakini pia hakulia. Alilipima jambo kama anavyopima mbegu na shamba. Hilaria alikuwa na mume, na mama mkwe, na mkunga wa zahanati, na umri. Angezaa mtoto wa pili na wa tatu. Melkiori asingekufa mara ya pili ili azikwe vizuri, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsemea.

Jumanne alivuka mabua ya mahindi yaliyovunwa, akikwepa njia, akishuka kuelekea mjini mlima Kwaraa ukiwa nyuma yake. Alijifunga kanga nyeusi mpaka puani. Kila alipoona mtu mbele alisimama, akamwachia nafasi apite. Barabara kubwa haikuwa na namna ya kukwepeka. Aliivuka mara moja, haraka, kwenye sehemu ambayo haikuwa na watu.

Ofisi ya Chama ilikuwa jirani na duka la ushirika, na asubuhi hiyo sukari ilikuwa imefika. Foleni ilianzia mlangoni pa duka, ikapinda mara mbili, ikaishia kwenye mtaro. Wengine walikuwa wamekaa juu ya mawe waliyoyaweka jana yake kushika nafasi. Kandida alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja mtupu, akamwita mlinzi wa ofisi.

“Mama, vuka uje useme shida yako.”

“Sivuki. Mwite Kapteni.”

“Kapteni anaitwa kama mtoto wa dukani?”

“Mwambie ni mke wa Sajini Melkiori. Aliyemnyima maji.”

Jina lile lilifika kwenye foleni. Mwanamke mmoja wa Singe aligeuka, akamtambua, akamgusa aliyekuwa mbele yake. Wakatoka. Akatoka mzee aliyekuwa karibu kabisa na mlango, kikapu kikining'inia mkononi. Wakatoka wengine wawili, mmoja akiwa na tumbo kubwa, akiufunika uso wake kwa kiganja na kwenda karibu mbio. Hakuna aliyemtukana Kandida. Walisimama mbali, upande wa pili wa duka, migongo imegeuzwa. Waliobaki, watu wa mjini na wageni, walitazamana, kisha wakasogea mbele kwa furaha kujaza nafasi zilizoachwa.

Kandida aliona yote hayo. Yule mzee alikuwa mjomba wa Mama Ursula.

Kapteni alitoka, Katibu nyuma yake. Aliinua mguu avuke barabara.

“Hapohapo, afande.”

“Tena?”

“Tena. Nisikilize, nitapaza sauti.” Akapaza. Alisema metimani ni nini, na kwamba nyumba yake imo, na kwamba majirani hawakuja kwa sababu ya heshima na hofu, si kwa chuki. Alisema maziwa aliyokunywa asubuhi ile yalitoka kwa jirani, na kuni pia, na sabuni. Alipotaja sabuni alijuta, lakini ilikuwa imeshatoka. Foleni yote ilisikiliza. Mtu mmoja akacheka, akatulizwa.

“Ndugu zangu,” alianza Katibu Pantaleo, akiwageukia wananchi, “hizi ndizo mila potofu ambazo Chama…”

“Ngoja kidogo, Katibu.” Kapteni alikuwa akiwatazama wale waliosimama peke yao upande wa pili wa duka. Alimuuliza mlinzi, “Hawa wametoka kwenye foleni?”

“Ndiyo, afande.”

“Ni watu wa wapi?”

“Wa Singe, afande. Wa huko kwao.”

“Sukari wameiacha?”

“Wameiacha. Na leo haitawatosha hata waliobaki.”

Kapteni aliitazama foleni tena. Alikuwa amekaa wiki mbili Babati, na mwaka huo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kuiacha foleni ya sukari.

“Kwa nini siku ile hukusema?” alimuuliza Kandida.

“Niliambiwa nisiseme.”

“Na nani?”

“Nimeshasema sasa.”

“Jeraha la mumeo lilikuwa nyuma.”

“Lilikuwa nyuma. Alikuwa amembeba mwenzake mabegani, bomu likaanguka nyuma yao. Mimi sikuwepo. Waulize wa kikosi chake, ni watu wenu.”

“Nitawauliza.” Alifikiri. “Amri yangu inasema heshima itolewe mbele ya wananchi. Hao watakuja?”

“Hawatakuja.”

“Katibu akiwaleta?”

“Kwa mgambo watakuja. Halafu mimba yoyote ikiharibika Singe mwaka huu, watasema ni Melkiori. Usimfanyie hivyo, afande.”

“Sasa nimpe heshima mbele ya nani?”

“Mbele yangu.”

Kapteni alipangusa vumbi kwenye mkono wa kombati, polepole, mpaka lilipokwisha. “Jumamosi saa nne,” alisema. “Petroli niliyonayo ni ya safari moja. Nikikuta matata nageuza gari.”

Kandida alirudi kwa kupitia mabua yaleyale. Kesho yake Damasi alikuja mpakani na wazee wengine wawili, akasema kwa sauti ya kusikika, “Muda umeanza jana.” Kandida akajibu kwamba amesikia. Hawakuwa na jingine la kuambiana.

Jumamosi Landrova ilifika na askari sita, mmoja wao akiwa na tarumbeta ndani ya mfuko wa turubai. Kapteni aliwaamuru wasiguse kitu chochote bomani na wasiombe maji, wamekuja na yao. Waliingia kwa mstari mmoja, wakapita kandokando ya maharage, wakajipanga upande wa miguu ya kaburi. Katibu Pantaleo alisimama kando yao, shati la kijani limefungwa vifungo vyote. Kandida alisimama ukutani kwa jiko. Alikuwa amefua kanga yake kwa ile sabuni.

Kapteni alipogeuka kutoa amri ya kwanza, akasita.

Mteremko wote ulikuwa na watu. Walikuwa wamesimama kila mmoja mpakani kwake: familia ya Mama Ursula nyuma ya minyaa, wengine juu yao kwenye kingo za mashamba, wengine ng'ambo ya korongo, wadogo kabisa kwa umbali lakini wamesimama wima. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Wajawazito walikuwa mbali zaidi, kwenye milango ya nyumba zao. Hakuna aliyevuka, na hakuna aliyekaa chini. Nani aliwaambia watoke haikujulikana siku hiyo wala baadaye. Damasi alikuwa mpakani kwake, amevaa beji ya ubalozi.

“Waambiwe wasogee,” alisema Katibu. “Huu si mkutano wa kutazamana.”

“Amri inasema mbele ya wananchi, Katibu,” Kapteni alisema. “Wananchi ni wale.”

Akasoma jina la marehemu, namba yake ya jeshi, cheo chake, na mahali alipopigana. Aliongeza kwamba wa kikosi chake walithibitisha kwa simu ya upepo kuwa Sajini alijeruhiwa akimwokoa askari mwenzake. Alisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika na watu waliokuwa karibu. Ng'ambo ya korongo, mtu aliyesikia alimgeukia mwenzake akamrudishia maneno, na mwenzake akayapeleka mbele.

Bunduki zilipigwa mara tatu. Kunguru waliruka. Ndama wa Mama Ursula alikata kamba, akatoboa ua wa minyaa, akaingia mbio uani kwa Kandida, akasimama katikati akitetemeka. Hakuna aliyemfuata.

Kisha yule askari akaweka tarumbeta mdomoni. Mlio wa kwanza ulikwaruza kidogo, labda kwa vumbi. Uliofuata ulitoka safi. Alipiga mpaka mwisho bila kuharakisha, na Kapteni alibaki ameinua mkono kofiani muda wote. Kandida hakuinua mkono wala hakuinamisha kichwa. Alisikiliza kama mtu anayetaka kuhakikisha kuwa kilichopigwa ni kizima, hakikukatwa mahali.

Ilipokwisha, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Mama Ursula.

“Mama Hilaria! Ndama wangu!”

“Namwona.”

“Sasa?”

“Sasa ni wa huku.”

Mtu alicheka, kisha wengine, kicheko kikapanda mteremko kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. “Leo umechangia, Mama Ursula!” mwanamume mmoja alipiga kelele. “Tena ng'ombe!” Askari hawakuelewa. Kapteni alimtazama Kandida, kisha akamtafuta balozi kwa macho.

“Balozi! Huyu ndama ana nini?”

Damasi alimtazama Katibu kwanza. Halafu akajibu, na kwa umbali ule alilazimika kupiga kelele mpaka kila mtu akamsikia.

“Ameingia kwenye metimani, afande. Hawezi kurudi mpaka mama atoke.”

“Anatoka lini?”

“Mavuno ya mwakani.”

“Mjini niliambiwa ni mvua za mwaka huu.”

“Zilikuwa za mwaka huu,” Damasi alisema. “Alikwenda mjini.”

Kapteni hakuuliza zaidi. Alimgeukia Kandida, akapiga saluti kutoka pale alipokuwa, akaamuru watu wake wageuke. Katibu Pantaleo alikuwa ameshatoa kalamu. Aliishika muda mrefu akimtazama Damasi, kisha akaenda nayo garini. Landrova iliposhuka njia ya ng'ombe, watu waliondoka mipakani mwao mmoja mmoja, wakarudi ndani. Damasi aliondoka wa mwisho.

Mwezi wa tisa Damasi aliondolewa ubalozi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa umri.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Siku zile wanawake wa Singe walipita njiani na majembe, wakamsalimu Kandida kutoka mbali, naye akaitikia. Alipanda mahindi peke yake, mistari michache kuliko mwaka uliopita.

Jumatano ya tarehe 16 Novemba, saa tisa alasiri, Mama Ursula alifika mpakani wakati ambao si wake, amejifunika gunia kichwani. Mvua ilikuwa kubwa na ilimbidi arudie mara mbili.

“Hilaria amejifungua! Mtoto wa kike!”

“Mzima?”

“Wazima wote wawili!”

“Amejifungulia wapi?”

“Zahanati, Bonga! Jana usiku!”

Kandida alitoka jikoni akasimama kwenye mvua, mahali pale pa kila siku, hatua ile ile.

“Amefanana na nani?”

“Sijamwona, Mama Hilaria. Nimeletewa habari na mtu wa pikipiki, naye hakumwona.”

“Jina je? Wamempa jina?”

Mama Ursula alijifunika uso kwa gunia, kwa aibu. Alisema hakukumbuka kuuliza.